Lori la Zege Lisilozunguka

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka bado najikuna kichwa. Ndevu zangu zilikuwa nyeusi tii, na hapa kijijini kwetu Ulaya, si ile ya Wazungu, nilijiona fundi kuliko mafundi wote. Tulikuwa tunamwaga zege la kalavati kwenye lile korongo ambalo kila masika liliwazuia watoto kwenda shule. Mawingu yalikuwa yameshatanda juu ya milima ya Vidunda, kwa hiyo ilikuwa lazima tumalize siku hiyohiyo.

Lori likaja kwa njia ya Mikumi. Dereva alikuwa binti. Akashuka, akanisalimu, "Shikamoo, baba." Sikuitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye lori lake. Zege nililolijua mimi huja ndani ya pipa kubwa linalozunguka njia nzima, na hili halikuzunguka kitu. Nikapanda kuchungulia: mchanga kwake, kokoto kwake, saruji imefungiwa kwake, na tangi la maji. Sasa zege liko wapi? Nikachanganyikiwa, na enzi zile nikichanganyikiwa nilipaza sauti.

"Tumeletewa mchanga mkavu!" nikawapigia kelele wenzangu. Nikapokonya ndoo kwa kina mama waliotuchotea maji, nikaumwagia mchanga maji. Ndoo ya kwanza, ya pili.

"Baba, usitie maji!" binti akasema. "Mashine inachanganya hapahapa, na maji inapima yenyewe. Yakizidi, zege litakosa nguvu."

Nilikuwa nimeshashika ndoo ya tatu. Mzee Salumu, aliyenifundisha ufundi, alikuwa ameketi pembeni akitutazama.

"Binti wa watu kakusalimu, hujaitika," akaniambia. "Sasa anakuelekeza kazi, husikii. Leo masikio yako yana ugonjwa gani?"

Niliona aibu, acha tu. Nikachukua koleo, nikautoa mwenyewe mchanga wote uliolowa, huku mawingu yanazidi kushuka.

Binti akawasha mashine. Zege likatoka kwenye mfereji wa lori, zito, limechanganyika sawasawa. Lilichanganyika saa ngapi? Mchana ubao mmoja wa kuzuia zege ukalegea, binti akazima mashine ili tuukaze, akauosha mfereji. Nikamwonya kwamba zege litagandia humo ndani ya lori.

"Zege gani, baba?" akacheka. "Humo kuna mchanga na kokoto."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa, na hata leo, nikwambie kweli, naelewa nusu.

Tulimaliza kabla ya mvua. Alipopanda kuondoka, nikamfuata mpaka dirishani.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. Ilikuwa jioni, na shikamoo yake ilikuwa ya asubuhi.

Basi nawe unayeanza kazi, ukikutana na kitu usichokielewa, sema "sielewi" kabla hujashika ndoo. Muulize anayekijua, awe mdogo kwako, awe mgeni, na salamu yake uiitikie kwanza. Mungu akupe masikio yanayosikia na kazi inayodumu, na kila upitapo juu ya kalavati lile, wewe na wanao, mvuke salama.