Maji ya Udhu na Tarumbeta ya Shabani

Mwanangu, naikumbuka siku ile mto ulipokuwa umefurika hadi kwenye mashamba ya mpunga, nasi watoto wa bendi ya shule tukaambiwa tusafishe tarumbeta, kwani kulikuwa na mgeni anakuja.

Mwalimu wetu, mtu wa bara, alituagiza tuchemshe maji, yapoe, kisha tuoshe kwa sabuni, hasa vile vipande vya mdomoni. Tukamcheka pembeni. Sisi watoto wa Rufiji tumelelewa tukijua maji yatembeayo ni twahara, leo tuyachemshe? Mimi ndiye niliyesema kwa sauti: "Maji haya tunatawadhia, tunasukutulia. Iweje yasifae kuoshea bati?" Basi tukazitumbukiza tarumbeta mtoni, tukazikung'uta, tukarudi nazo shuleni.

Kumbe watu wa vijiji vya juu ya mto walikwisha kuanza kuharisha, na vyoo vyao vilikuwa vimebebwa na mafuriko. Shabani, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alipuliza wa kwanza. Maji yaliyosalia ndani yakamwingia kinywani, akatema, akacheka, akaendelea kupuliza. Siku ya pili macho yalikuwa yamezama, na tumboni hakitoki kitu ila maji meupe kama ya kuoshea mchele. Wakampakia mtumbwini kumpeleka hospitali ya Utete. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Nami niliugua, nikapona. Kwa nini mimi, sijui, na mpaka leo inaniuma.

Tulipotoka kuzika, Mzee Mfaume, imamu wetu, alituita watoto wa bendi mbele ya msikiti. Hakupaza sauti.

"Twahara ni ya swala, wanangu. Ugonjwa hauijui twahara. Mwalimu kawaambieni mchemshe, nyie mkamcheka. Haya, chekeni sasa."



Mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tulidharau sufuria ya maji ya moto, tukamzika mwenzetu. Basi ukishika tarumbeta ya shule, kitoe kile kipande cha mdomoni, ukioshe kwa sabuni na maji salama ya uvuguvugu, ukisugue ndani kwa brashi, ukisuuze, kikauke kabisa ndipo kiguse midomo ya mwingine. Bora zaidi kila mtoto awe na chake, na wala hiyo si kumwonea mwenzio kinyaa, ni kumpenda. Jiki usiitie, inakula shaba, na ukiichanganya na dawa nyingine mvuke wake unachoma kifua. Na mtu akikuonya, usimuulize kwanza kwao wapi, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe pumzi ndefu na sikio jepesi. Na mama yako asije akakulilia kwa sababu uliambiwa uchemshe maji ukacheka. Amin.