Mwanamuke wa Uzi ku Bureau ya Beni

Hii juma nilikuwa mu ligne ku bureau moya ya Beni. Mbele yangu kulikuwa mama mwenye alikimbia vita ku Mbau. Alitaka cachet tu, muhuri ya ruhusa, juu aweze kuuzisha foronya za mito zenye alishona na mukono yake.

Chef wa bureau alikunjua foronya moya. Mama alishona na uzi mwekundu mwanamuke uchi, amelala, macho amefunga, mukono katikati ya mapaja, anacheka kidogo. Chini kulikuwa maandiko. Nilijifunza kusoma mu uzee, donc sasa hapana napitisha maneno: "Huu mwili ni wangu."

"Mama, hii ni haya," chef alisema. "Bwana ya huyu mwanamuke iko wapi?"

"Hapana iko, chef. Anafurahi yeye mwenyewe."

"Mais batoto bataona. Mushonee nguo, njo nitapiga cachet."

Pale telefone ya chef ikalia. Aliangalia, akaiweka ku meza.

"Baliua tena batu ku Oicha," alisema.

Ilikuwa picha ya mama mwingine, maiti, amelala mu shamba ya kakao, kikwembe ya kiuno imetoka, mapaja wazi. Ligne yote tulisogea, tukaangalia vizuri. Hakuna mwenye alisema hii ni haya.

Mama alikamata foronya yake, akafunika telefone polepole.

"Huyu njo wa kufunika, chef."

Akatoka bila cachet. Kumbe kwetu mwanamuke anaweza kuonekana uchi, bora tu asikuwe anafurahi. Chef hakugusa kile kitambaa. Telefone iliendelea kulia chini yake, picha zingine zinafika.