Nani Anavunja Droni Chumbani Kwangu?

Droni ilivunjika mkono ikiwa mezani. Haikuruka. Haikuanguka.

Niliiacha nzima, nikatoka kununua msasa, narudi nakuta mkono umening'inia.

Kwa msionijua: mimi ni fundi wa fremu za droni, zile za kaboni. Watu wanazigongesha kwenye miti na nguzo za umeme, mmoja aliigongesha kwenye paji la uso wake mwenyewe, halafu wananiletea wakisema, "Sijui imekuwaje, fundi."

Napiga msasa penye ufa, nalaza kitambaa cha kaboni, napaka gundi, nabana, naacha ikauke. Mwisho naigonga kwa sarafu. Ikitoa mlio mkali, imepona. Ikitoa mlio mzito, ndani bado kuna ufa.

Hii ilikuwa ya kampuni ya wapima ardhi. Bosi wao angekuja kuichukua mwenyewe. Akiridhika, droni zao zote kwangu. Asiporidhika, nafunga kazi, na chumba hiki cha uani kinarudi kwa mama mkwe, ambaye amekililia tangu siku niliyoingiza meza.

Nikaiunga upya. Kesho yake nimeenda kumchukua mtoto shule, narudi, imevunjika tena!

Na wala si pale nilipounga. Ni pembeni yake, kwenye sehemu nzima ya kiwandani.

Sasa jamani, nani ana ufunguo wa akiba? Mama mkwe. Nani anakitaka chumba? Mama mkwe. Nani akinisikia nagonga sarafu anasimama mlangoni na kuuliza, "Unaongea na nani humo?" Jazeni wenyewe.

"Mama yako ananihujumu," nikamwambia mume wangu.

"Mama? Simu tu inamshinda kuwasha."

"Kuvunja hakuhitaji bando, baba watoto."

Siku ya bosi kuja, fremu ilikuwa imeungwa na imekauka vizuri. Nikaaga kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikajibanza chini ya dirisha. Maneno ya kumwambia nilishayapanga, na mengi hayaandikiki hapa.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe hakuwa peke yake, alikuja na rafiki zake.

Ti, ti, ti. Sarafu!

"Mnasikia inavyolia? Ikilia hivi imepona. Mkwe wangu ni daktari wa haya madude. Anaunga kitu kigumu kuliko chuma, kaniambia mwenyewe. Wakwe zenu wanajua nini zaidi ya kupaka kucha?"

"Mh! Kuliko chuma? Acha kutupanga."

"Panda uone! Wale wa juzi na jana walipanda kwa pupa. Wewe panda taratibu."

Nilikuwa na matusi ya kutosha ukoo mzima. Yote nikayasahau. Tangu niolewe, huyu mama hajawahi kusifia hata chai yangu. Nikalia pale pale chini ya dirisha, na sioni aibu kusema.

Kwaa!

Hapo machozi yakakauka. Ni kweli nilimwambia ni ngumu kuliko chuma. Nilijisifu kila siku mezani, nikasahau kueleza kwamba ni ngumu kwa kubeba kamera, siyo kwa kubeba mama wa mtu.

Na geti nalo likagongwa. Bosi. Nikamfungulia, tukaingia naye chumbani.

Akaitazama fremu, akawatazama wamama, akanitazama mimi na vumbi la ukuta mgongoni. 

Mama mkwe, ambaye hajakosea tangu azaliwe, akasogea mbele.

"Nimeivunja mimi, baba. Mkwe wangu hana kosa."

Bosi akatoa sarafu mfukoni, akagonga kiraka changu. Ti, ti. Mlio mkali.

"Aliyepanda ni nani?"

Mmoja akanyoosha kidole kama yuko darasani. Bosi akampima kwa macho, si ndiyo kazi yake, kisha akacheka mpaka akaegemea meza.

"Cha kiwandani kimekatika, kiraka kimebaki. Unga na hapa, fundi. Nyingine nakuletea."

Siku hizi mama mkwe ana kiti chake humo ndani. Hakuna droni inayotoka bila yeye kuigonga kwa sarafu na kumkaripia mwenye droni kwa uzembe.

Funzo? Kabla hujamwita mtu adui, sikiliza anavyokutaja ukiwa haupo.

Na ukijisifu nyumbani, taja na kilo za mwisho.