Vitundu vya Chini ya Dirisha

Kila asubuhi, akitoka kuswali alfajiri na kabla hajagusa kikombe cha chai, Lukumani huzunguka nyumba yake mara moja akiwa na donge la mastiki kiganjani, ule udongo mlaini wa kushikia vioo. Hulifinyanga anapotembea ili lilainike, huku gumba la mkono wa kulia likipita kwenye kingo za kila dirisha, juu, pembeni, chini. Akikuta ufa hata wa kupitisha sisimizi, anauziba. Asipokuta, anatafuta. Mkewe, alipokuwa hai, alisema mume wake haamini kumekucha mpaka azibe kitu. Na majirani hapa Kasongo wana mzaha wao: siku Lukumani akizikwa itabidi wamwachie donge dogo mkononi, maana hatakubali kulala kwenye kaburi linalovuja.

Ana miaka sitini na minne. Kazi ya vioo aliipata Nyangwe, kwa fundi mmoja aliyechonga mitumbwi, na kwa kuwa mtumbwi na dirisha vina adui mmoja, yaani maji, fundi huyo alitengeneza madirisha pia. Huko Lukumani alifundishwa somo ambalo hakuliacha tena: tundu ni mlango. Mvua hupita hapo, siafu hupita hapo, nyigu hujenga hapo, na nyoka mdogo hahitaji zaidi ya hapo. Fundi anayeacha tundu ameacha nyumba ya mtu wazi na kwenda zake.

Kwa miaka arobaini amekuwa akiziba matundu ya mji huu. Vioo vyake huja kwa pikipiki, vimesimamishwa wima kati ya vipande viwili vya godoro, na mara nyingi nusu yake hufika chengachenga. Kilichobaki hukikata na kukipachika, kisha husukuma mastiki kwa gumba. Katika kazi hiyo amepata ujuzi ambao watu huja kuushuhudia kama mchezo: umwonyeshe dirisha lolote la Kasongo, atatazama alama za gumba kwenye mastiki na kukuambia fundi aliyelitia. Huyu alikuwa na haraka. Huyu ni wa mkono wa kushoto. Huyu amekufa, Mungu amrehemu, lakini dirisha lake bado halivuji.

Binti yake wa mwisho, Latifa, alirudi kutoka chuo kikuu cha Bukavu na shahada ya lugha, na sasa anafundisha Kifaransa katika sekondari ya wasichana. Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba wanafunzi wa benchi la nyuma hulalamika. Si kwamba hana hasira. Anazo nyingi, ila amezoea kuzifungia ndani ya vitabu. Na baba yake hakuwahi kumuuliza swali juu ya kazi, hata moja, kwa sababu kwa Lukumani msaidizi haulizwi: anaambiwa shika hapa, na anashika.

Mwaka huu hasira yake ilipata jina, nalo ni Aristote.

Aristote ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Salamabila. Pesa zilipokuja alimjengea mama yake, Mama Anastasie, nyumba kwenye kiwanja chao cha zamani, na kiwanja hicho kinatazamana na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine hunguruma tangu asubuhi, na vumbi la pumba huingia hadi kwenye sufuria. Mama alikataa kuhama. Basi Aristote akaagiza kutoka ng'ambo madirisha sita ya vioo viwili viwili. Yalikuja kwa meli, yakaja kwa lori, na barabara ilipokataa yakaja mabegani mwa watu. Katika fremu moja kuna kioo cha nje na kioo cha ndani, na katikati yake hewa kavu iliyofungiwa, isiyotoka wala kuingia. Kelele ikifika kwenye kioo cha kwanza huanza kuchoka, na kwenye cha pili huishiwa nguvu. Fundi kutoka Bukavu aliyaweka kwa siku tatu akaondoka. Utunzaji akapewa Lukumani: mara moja kwa mwezi apanguse mipira ya kingo na atie mafuta kwenye bawaba.

Mwaka wa kwanza Mama Anastasie alikaa nyuma ya dirisha la sebule akimenya karanga, akiona barabara yote, akisikia redio yake bila kuikaripia. Mwaka wa pili, mvua zilipokolea, ukungu ukatanda kwenye kioo. Aliupangusa ndani, haukutoka. Akamtuma mtu aupanguse nje, haukutoka. Ulikuwa katikati, mahali pasipofika kitambaa cha mtu yeyote. Mama wa watu akaamua kwamba ni macho yake, akaanza kujizoeza kutembea kwa kupapasa.

Aristote alimkuta hivyo. Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba ya Lukumani, inayotazamana na msikiti, na hakushuka.

"Papa Lukumani, ile madirisha yangu uliifanya nini?"

"Nilipangusa, nikatia mafuta. Kama kila mwezi."

"Ulipangusa. Na sasa iko maji katikati ya vioo. Katikati, mzee. Mahali hata hewa haiingie. Maji inaingia namna gani kama mutu hakufungua?"

"Sikufungua."

"Basi ni nyigu walifungua."

Watu wawili watatu waliocheka walikuwa wameswali safu moja na Lukumani nusu saa kabla. Latifa aliwatambua mmoja mmoja. Alikuwa barazani na makaratasi ya mtihani mapajani, na kalamu nyekundu ilikuwa imetoboa karatasi ya mtoto wa watu bila yeye kujua.

"Kosa ni langu," Aristote akaendelea, sasa akiwasemesha waliosimama. "Mutu wa kutengeneza dirisha ya nyumba ya kuku, nikamupa vioo ya ng'ambo. Wewe si fundi wa vioo, mzee. Wewe ni fundi wa mastiki."

Lukumani alikuwa ameshika kofia yake mkononi. "Nitakuja kesho kuangalia," alisema.

"Kuja. Na kama hauonyeshe ni nani aliharibu, nitatangaza sokoni kwamba ni wewe. Tutaona nani wa Kasongo atakupa hata kioo ya kuweka picha."

Pikipiki ikaondoka. Waliosimama wakakumbuka kila mmoja kwamba ana shughuli. Latifa aliingia ndani na makaratasi yake, akayaweka mezani kwa kishindo ambacho baba yake alijifanya hakukisikia.

"Amekutukana mbele ya msikiti," alisema.

"Nilisikia."

"Na wewe umenyamaza."

"Nitamujibu na nini? Dirisha yenyewe sijaiona."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Matusi ya Aristote yalikuwa matusi ya mwenye pesa, yanajulikana, yana bei yake. Lakini kwamba mtu aliyezuia mvua isiingie katika nusu ya nyumba za mji huu aliweza kuitwa fundi wa mastiki, akasimama na kofia mkononi kama mwombaji wa kazi, hilo Latifa hakulimeza. Usiku ule alisoma ukurasa mmoja wa kitabu mara tisa. Asubuhi Lukumani alizunguka nyumba yake kama kawaida, akaziba kiufa chake, akanywa chai, akachukua begi. Latifa alikuwa tayari amevaa viatu.

"Nitaenda pamoja na wewe."

Baba yake alimtazama. "Sawa. Pengine iko karatasi ya Kifaransa. Utasoma."

Mama Anastasie aliwapokea kwa sahani ya karanga. "Karibu, Latifa. Mwaka muzima naambia padri kwamba nakuwa kipofu, ananiombea, kumbe ni dirisha." Alicheka, akajifuta macho yaleyale aliyoyasingizia. Kisha akamtazama Lukumani, akaacha kucheka.

Aristote alikuwa ameegemea ukuta. Raphaël, sentineli aliyelinda nyumba, alikuwa anafagia pumba za mpunga uani, polepole, kama mtu anayetaka kusikia.

"Madirisha kama haya huja na karatasi," Latifa alisema. Alisema kwa sauti ya darasani, na Aristote ikabidi ainame kidogo ili asikie.

"Ziko kwa droo. Hata mimi sijafungua."

Bahasha ya plastiki ilikuwa bado na gundi yake. Latifa aliipasua. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kujisifu. Ukurasa wa nne ulikuwa na mchoro wa fremu, na mishale midogo ikitoka chini yake kwenda nje. Alisoma mara moja kimyakimya, damu ikampanda masikioni, kisha akatafsiri neno kwa neno, na sauti ikaanza kukua yenyewe.

"Chini ya fremu, upande wa nje, kuna vitundu viwili vya kutolea maji. Vitundu hivi visizibwe kamwe. Vikizibwa, maji ya mvua hukaa ndani ya fremu, gundi inayofunga kingo za vioo huoza, na unyevu huingia katikati ya vioo. Kioo kikishaingiwa na unyevu hakipanguswi, hubadilishwa."

Lukumani alikuwa akitafuna karanga. Akaacha. Aliweka zilizobaki kwenye sahani, akachukua begi, akatoka nje, na wote wakamfuata. Mashine ya mpunga ilikuwa ikinguruma ng'ambo ya barabara. Alipiga magoti chini ya dirisha la sebule na kupitisha gumba kwenye ukingo wa chini wa fremu. Hapakuonekana tundu. Palikuwa laini, pamesawazishwa kwa gumba na kupakwa rangi nyeupe, kazi nzuri sana. Akatoa spoki ya baiskeli begini, akachokoa. Donge dogo la mastiki kavu likadondoka kiganjani mwake, na nyuma yake maji yakaanza kutoka, yenye rangi ya chai hafifu. Yalitoka muda mrefu kuliko mtu alivyotarajia. Yaliteremka ukutani, yakalowesha magoti ya suruali yake, yakaendelea.

Latifa aliyatazama maji yale kwa furaha mbaya ambayo hakuwahi kuijua.

"Karatasi ilikuwa kwenye droo yako," alimwambia Aristote. "Miaka miwili. Kabla ya kumtukana mzee mbele ya msikiti, mtu hufungua kwanza droo yake."

Raphaël aliacha kufagia. Mama Anastasie alishika mdomo.

"Ee, mwalimu ana ulimi," Aristote alisema, lakini shingo yake ilikuwa imebadilika rangi, na mwenye pesa aliyeaibika hutafuta mtu wa chini yake. Hakutafuta mbali. "Raphaël. Ni wewe. Nilikuambia ufukuze nyigu kwa madirisha, wewe ukaziba."

"Mimi, patron? Mimi nyigu nawafukuzaka na moshi. Mastiki nitaipata wapi?"

"Leo unatoka. Weka ufagio chini."

"Aristote," mama yake alianza, "wacha huyu mutu." Akamtazama Lukumani pale chini, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Raphaël aliegemeza ufagio ukutani taratibu, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika. Ana watoto watano. Hapo hasira ya Latifa ikavuka mpaka wake wa mwisho. Jana baba yake, leo huyu, kesho atakuwa nani, na daima mwenye kosa ni yule asiye na droo. Yeye alishajua moyoni mwake jinsi mambo yalivyokuwa: fundi wa Bukavu aliharibu, au Aristote mwenyewe aliagiza pazibwe akasahau, na jibu lilikuwa palepale, kwenye kiganja cha mtu mmoja tu wa Kasongo aliyeweza kulisoma. Wapakizi wa mpunga walikuwa wamesimama na magunia kichwani, wakitazama. Vizuri. Acha watazame. Wale wa jana walicheka mbele ya watu, na jibu nalo litolewe mbele ya watu.

Akapaza sauti juu ya mashine, sauti ambayo benchi la nyuma halikuwahi kuisikia.

"Baba, wewe unajua gumba la kila fundi wa mji huu. Ni nani aliyeziba vitundu hivi?"

Lukumani alikuwa bado amepiga magoti, donge likiwa kiganjani. Aliligeuza upande wenye alama, akalitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama uso wa ndugu yake. Akashika fremu, akainuka, maji yakimdondoka magotini.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Mama Anastasie aliona nyigu wanaingia, akaniita, nikaziba vitundu yote kumi na mbili. Nilizani natengeneza."