Mstari wa Baba Watoto

Kliniki nzima ya presha na sukari ilimwita Mama Nyekundu, na jina hilo hakulipata kwa kupenda nguo za rangi hiyo. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, chini ya feni inayolalamika kuliko wagonjwa, akilinganisha tarehe: ya miadi upande huu, ya kufika upande ule. Mgonjwa ambaye siku yake imepita na hajafika, mstari wake ulijipaka nyekundu wenyewe, maana kompyuta iliwekewa kanuni hiyo. Hapo Mama Nyekundu huinua simu: "Shikamoo baba, mbona hukuja?" Wengi humjibu kwamba dawa zimewachosha. Yeye naye alikuwa hoi, ila hakuwa na wa kumpigia.

Ubaya wa kanuni ile ni kwamba haikujua kifo. Marehemu hafiki kliniki, basi mstari wake hubaki mwekundu mwaka nenda mwaka rudi. Na kati ya wekundu hao alikuwamo mume wake. Alizikwa kabla ya mvua zilizopita, lakini kila asubuhi kompyuta ilimwambia mkewe kwamba mzee amechelewa tu. Wenzake walijua, wakanyamaza.

Siku moja muuguzi mkuu akaja na uso wa mtu aliyetumwa.

"Wakubwa wanasema nusu ya wagonjwa wetu wametoroka. Marehemu watolewe kwenye nyekundu leo."

"Wote?"

Muuguzi alitazama viatu vyake. "Wote, dada yangu. Pole."

Kazi ni kazi. Akaongeza safu ya tarehe ya kifo, kisha kanuni ya pili: palipo na tarehe humo, mstari uwe wa kijivu. Akaamua kuanza na mumewe, Baba Watoto, ili yaishe. Aliandika tarehe kwa kidole kimoja, akafumba macho.

Alipoyafumbua, mstari ulikuwa mwekundu vilevile.

Akafuta, akaandika upya. Mwekundu. Na hapa nisimfichie aibu: mtu mzima na akili zake, aliyesimama kaburini hadi udongo ukajaa, alifurahi. Duniani alikuwa amepatikana mmoja, japo ni mashine, anayekataa kwamba Baba Watoto amekufa.

Fundi wa kompyuta, aliyekuja kwa ajili ya printa, akachungulia begani kwake.

"Kanuni umezipanga vibaya, dada. Nyekundu iko juu, kijivu iko chini, na ya juu ndiyo inayoshinda. Bonyeza mshale huu kijivu ipande, basi." Akanyoosha mkono kwenye kipanya.

"Usiguse!"

Fundi akarudisha mkono haraka. Feni ikaendelea na malalamiko yake.

"Samahani, kaka," alisema Mama Nyekundu, machozi yakimshuka bila haraka. "Huyu ni mume wangu."

"Sikujua, mama." Dada alikuwa ameshageuka mama. "Tuache hivyohivyo?"

"Hapana, nitabonyeza mwenyewe. Ila mwache kwanza. Mwache achelewe kidogo."

Fundi akavuta kiti, akakaa kando yake, wakautazama pamoja ule mstari mwekundu. Kisha Mama Nyekundu akabonyeza mshale.