Barua ya Kumpendekeza Bibi

Mwalimu wetu wa historia chuoni, profesa, alikuwa mzee mwenye asili ya Norwei, kama watu wengi niliowajua Minnesota miaka ile ya tisini. Kila Oktoba alitenga kipindi kizima kuzungumzia tuzo kubwa za dunia. Za sayansi na fasihi, alisema, hutolewa Uswidi. Ya amani hutolewa Oslo, mji wa babu yake. Alilisema hilo kama mtu anayesifia maziwa ya ng'ombe wake. Kisha akaongeza jambo ambalo wenzangu hawakulitia maanani: profesa wa historia ana haki ya kupendekeza jina. Hata yeye.

Mwanafunzi mmoja nyuma yangu akauliza kwa nini habari za Afrika ni za vita tu. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mimi jibu nilikuwa nalo. Jibu langu lilikuwa pwani ya Kenya, limejifunga kanga, lina miaka sabini na kitu, na kusoma halijui.

Miezi michache kabla ya hapo, vurugu zilikuwa zimezuka kwetu na watu wa bara wakawa wanafukuzwa majumbani mwao. Bibi yangu, mama yake mama, aliwafungulia mlango jirani zake kumi na mmoja. Wanawake akawavisha mabuibui yake na ya marehemu dada yake. Wanaume akawaficha uvunguni. Wenye mapanga walipogonga, aliwaambia kuwa ndani anasingwa bi arusi, yu wazi anapakwa manukato, na mwanamume gani aliyelelewa huingia chumba cha kusingia? Wakatazamana, wakaondoka. Ni vijana wa mtaa, mama zao walikuwa wamewafunza adabu kabla hawajashika panga.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata mwalimu ofisini kwake nikamsimulia yote bila kukaa. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Iandike. Ikiwa nzuri, nitaitia sahihi. Lazima ifike Oslo kabla Januari haijaisha."

Nikajifunga kibwebwe. Nilikuwa nikikaa Columbia Heights na mwenzangu mmoja, binti wa Nairobi, katika nyumba ndogo ambayo dirisha lake la jikoni liliganda barafu kwa ndani. Mchana darasani, jioni nikihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na katikati yake, ndani ya basi, naandika barua juu ya mapaja. Mwenzangu alijitolea kuichapa. "Mi nita-type, wewe sema tu," aliniambia; bibi kwao ni cucu. "Cucu wako ata-sit na king wa Norwei, na sisi tutakuwa hapa na noodles zetu."

Barua ya kwanza mwalimu aliikata nusu ukurasa wa mwanzo kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimewasalimu wanakamati, nimewauliza hali zao na za watoto wao, nikawaombea dua na kuwaeleza kwamba mimi ni mzima hofu kwao. Kwetu barua haianzi vingine. "Nadhani Oslo hawajambo," alisema. Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nimenuna. Nikaandika ya pili, na ya tatu.

Ya tatu aliipenda, ila akagonga meza kwa kidole. "Bila majina ya mashahidi hii ni hadithi nzuri tu. Nitafutie watatu kati ya wale kumi na mmoja."

Asubuhi ya Jumamosi nikapiga simu dukani kwa jirani wa Bibi, wakamwita. Nilimweleza yote kwa furaha, nikisubiri vigelegele.

"Tuzo ndiyo nini?"

"Ni zawadi ya heshima, Bibi, kama kilemba."

"Kilemba hupawa mwalimu mwanafunzi akihitimu. Mimi n'memsomesha nani?"

"Umewaokoa watu. Nataka majina matatu tu, ya wale uliowaficha."

Akashusha sauti.

"Sikiza, mjukuu wangu. Wale n'liowaficha wangali hapa. Na waliokuja na mapanga wangali hapa. Wasalimiana. Wauziana mkaa na samaki. Hakuna asiyejua, na hakuna asemaye. Ukiwataja hawa, umewataja na wale. Mtu ukishamsitiri, humvui nguo sokoni."

Nilikuwa na ubishi tangu utotoni na Minnesota haikuuponya. Jumatatu nikamwendea mwalimu, akaniambia kamati hufungia majina ya waliopendekezwa kwa miaka hamsini. Nikaona nimepata ufunguo. Nikapiga simu tena.

"Bibi, hakuna atakayejua. Wafungia miaka hamsini."

"Na nikishinda, wafungia pia?"

Akishinda wangekuja na kamera hadi mlangoni, wangeuliza kilikuwa chumba gani, nani alijificha wapi, na nani aligonga. Na hao wenye kamera wangerudi kwao wakawaacha jirani zake wakitazamana.

"Nimekesha siku ngapi kuomba watu hawa wasahau," alisema Bibi. "Usinirudishe nyuma, mama. Nakuomba."

Bibi hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kuamrisha, na sote tulimwogopa.

Siku ya mwisho ya kutuma nilifika ofisini kwa mwalimu theluji ikiwa imenifika magotini. Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha, imetiwa sahihi, na stempu nne zimepangwa vizuri. Nikamwambia haiendi. Alijaribu mara moja kunishawishi, kisha akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili. Ndani ya basi la kurudi nilimkasirikia Bibi kwa moyo wangu wote. Nilitaka lile darasa zima lisikie jina lake redioni. Nilitaka, niseme kweli, lisikie na langu.

Mwezi wa saba nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Bibi uani, ameshika kiuno, anawasimamia wanaume wawili waliokuwa wakiziba paa la jiko lake. Mmoja alikuwa juu ya ngazi na nyundo. Mwingine alikuwa chini, ameikumbatia ngazi isiteleze, na kila mara akimpandishia misumari. Walikuwa wakibishana juu ya mpira.

Bibi alinipokea, akanibusu, akaninusa shingoni kama zamani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuwatazama, "Hao ndio wa barua yako. Mmoja alikuwa uvunguni. Mmoja alikuwa mlangoni."

Niliwatazama muda mrefu. Nilitazama mikono yao, nyuso zao, jinsi wa chini alivyoegemeza bega lake kwenye ngazi mwenzake aliponyoosha mkono kufikia pembeni. Swali lilikuwa limenijaa kinywani: yupi alikuwa uvunguni, yupi mlangoni?

"Wapelekee maji wajomba zako," Bibi aliniambia.

Nikachota maji, nikampa aliyekuwa juu, nikampa na aliyekuwa chini. Sikuuliza.