Alama Zilizosuguliwa kwa Majivu

Kama kuna kitu asichokipenda Mzee Niyomugabo duniani, ni chuma cha zamani kilichosuguliwa. Kutwa anachomelea milango na madirisha pale Kamembe, lakini mletee bunduki ya kizamani uone: anasahau hata chai. Ujana wake aliupitisha Bukavu, kwa fundi Mbelgiji aliyetengeneza bunduki za uwindaji za wenye mashamba. Akiangalia alama ndogo zilizogongwa kwenye mtutu, anakutajia mji ulikotoka na mwaka. Ndiyo maana polisi wakikwama humwita yeye.

Jumanne walimwita. Bunduki ilikuwa mezani, nyeupe pe! Moyo ukamuuma. Afisa, anayemjua miaka kumi sasa, alimweleza: imepatikana darini, kule Nkungu, watu wakibadilisha mabati. Mwenye nyumba, Hategekimana, yuko ndani siku ya tisa.

"Anasema ni ya marehemu baba yake, haijaguswa tangu yeye mtoto. Sasa mbona alama zimefutwa, Mzee? Nani anafuta alama kama hana la kuficha?"

Mlangoni, dada yake Hategekimana, Védastine, aliinuka kwenye benchi, macho yamevimba.

"Ni mimi, Papa! Nilisugua na majivu, na msasa. Nilisema kitu ya kupeleka kwa bakubwa ba polisi haiwezi kuwa chafu. Kaka hakukuwa hata nyumbani!"

"Ee Maman! Bunduki si sufuria!" Mzee alifoka, kisha akamwonea huruma. Mwanamke wa watu amemfunga kaka yake kwa usafi.

Akafungua parafujo, akatenganisha mti na chuma. Msasa haukufika huko. Chini ya mtutu, katikati ya kutu, alama zilikuwa zimelala salama: herufi tatu ndani ya umbo la yai, taji juu yake, na pembeni herufi h ndogo, ya mwaka.

"Ubelgiji. Mwaka 1929," alisema. Védastine akapiga makofi.

Afisa hakupiga. Alivuta komeo la bunduki, akatoa pini inayogonga risasi. "Na hii? Mtutu babu, pini kijana. Mtu ameitengeneza juzi ili ipige. Huyo Hategekimana atatuambia ni nani."

Niyomugabo alivaa miwani. Kwenye kitako cha pini palikuwa na mikato miwili ya tupa, imelaliana.

Mikato ile ni yake. Mwaka 1988 Mbarushimana, baba wa hawa ndugu wawili, alivuka mto Rusizi hadi Bukavu na bunduki ndani ya mkeka, bila kibali, nyati wa msituni wakimtia wazimu. Mbelgiji alikuwa safarini. Niyomugabo akachonga pini kwa siri, akalipwa paja la nyama. Miaka miwili baadaye Mbarushimana akafa, na siri ikabaki na mtu mmoja. Mtu huyo leo ni mzee wa kanisa, anayewafundisha vijana kipaimara, na polisi wanamwamini. Wanasema za mwizi arobaini. Zake, kwa miaka, zilikuwa zimefika thelathini na kitu.

Aliogopa, tusidanganyane. Angesema tu "sijui" na kurudi kwenye madirisha yake, nani angemuuliza? Alimtazama Védastine. Mama wa watu alikuwa anamtazama yeye, mikono bado imeshikana kutoka kwenye makofi.

"Afande, pini hii si ya juzi. Ni ya mwaka 1988. Hategekimana alikuwa na miaka mitano."

"Umejuaje? Haina herufi wala taji."

"Ina mikato miwili. Ni alama yangu. Niliichonga mimi, kwa siri, bila kibali, na baba yao ndiye aliyeileta."

Védastine alikaa chini polepole. Afisa akaisogeza pembeni karatasi ya maelezo ya Hategekimana, akatoa nyingine isiyoandikwa kitu.

"Majina yako yote, Mzee," alisema, bila kumwangalia.